Chupa ya Jumapili

Ikiwa nawe umekabidhiwa ile chupa kubwa ya plastiki ya kahawia, ukaambiwa ukusanye mkojo wako wa mchana na usiku mzima na kuurudisha kliniki, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Sitakufundisha udaktari. Mimi ni msusi, nasuka nywele barazani mwa duka moja mtaa wa Bertrams, Johannesburg, na ninachokijua kuhusu figo ni kile kilichonipata mwenyewe. Nitakueleza pia jambo nililolifanya mwezi wa saba, ambalo kwa muda mrefu nilitaka nizikwe nalo.

Ilianza na sifa. Kwetu Bukavu mtu akikusifia unene, amekusifia maisha yote. Mwezi wa tatu nilianza kuamka uso umejaa, macho yamekuwa madogo, mashavu yanang'aa. Mama Yolanda, kiongozi wa kwaya yetu kanisani, mwanamke wa sauti nene na mkono mzito wa kumpiga mtu mgongoni, alinikamata mashavu mlangoni mwa kanisa mbele ya watu.

"Riziki! Joburg inakupenda! Muone vile ananenepa! Bwana yako anakulishaka nini?"

Nilicheka na kujiona. Nilipiga picha nikamtumia mama Bukavu, naye akazunguka nayo kwa majirani. Mume wangu Justin, ambaye ni mlinzi wa geti huko Kensington, akatembea kifua mbele. Wakati huo soksi zilikuwa zinaacha mfereji miguuni, viatu vimekataa kuingia, na mkojo wangu ulikuwa na povu kama maji ya kufulia. Nilivuta maji ya choo nikaenda kazini. Usinicheke. Nani huwa anakaa kuangalia povu la chooni?

Mwezi wa nne nilishindwa kupanda ngazi za kwetu. Tunakaa ghorofa ya tatu, na nilifika ya pili nikakaa chini, nahema kama niliyekuwa nakimbizwa. Justin alinishusha mgongoni, tukapanda teksi kwenda hospitali. Tulifika asubuhi, nikapata kitanda kesho yake mchana. Katikati palikuwa na benchi. Ukiugua figo katika mji huu, jifunze benchi kwanza. Beba blanketi, beba chakula kisicho na chumvi, na usiende chooni bila kumwachia mtu kiti chako.

Wodini walinichoma sindano mgongoni kuchukua kipande cha figo. Daktari, kijana mpole mwenye miwani, alisema figo zimewaka kwa ndani, kwamba askari wa mwili wangu wenyewe wamezigeukia na kuzishambulia. Nilimuuliza nimewakosea nini. Akasema hajui, mara nyingi hawajui. Nilimchukia kwa jibu hilo, ingawa leo naona lilikuwa la kweli kuliko mengi niliyoambiwa na watu wa dini na watu wa simu za Bukavu.

Aliyenihudumia hasa ni muuguzi, Sista Thandeka, mama wa makamo, mnene wa kweli wala si wa maji. Tulizungumza kwa Kiingereza changu kibovu na Kizulu changu cha barazani. Kila asubuhi alinipandisha kwenye mizani kabla sijanywa chochote, kisha akabonyeza mguu wangu kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo, akahesabu kimoyomoyo, akakitoa. Shimo lilibaki pale, unaweza kuweka maharage ndani. Alikuwa analitazama shimo hilo kwa utulivu, anaandika, anaendelea kwa mwingine.

Siku ya tatu kidole changu cha pete kilianza kuwa cha bluu. Daktari akaagiza pete ikatwe. Nililia kwa mara ya kwanza, si kwa ajili ya figo, kwa ajili ya pete. Sista Thandeka akaniuliza kama kwenye mkoba wangu wa kazi mna uzi. Ulikuwemo, ule uzi mweusi wa kusukia. Akakizungusha kidole changu chote kwa uzi ule, mzunguko juu ya mzunguko, akapitisha ncha chini ya pete, akapaka sabuni na kuanza kuufungua polepole. Ilichukua karibu nusu saa na iliuma. Pete ikatoka nzima. Aliifungia ndani ya bandeji akaibana kwa pini kwenye gauni langu, upande wa moyo.

Nilipotoka walinipangia dripu sita za dawa kali, moja kila mwezi, vidonge vyeupe vya kumeza kila asubuhi na chakula, na vingine vya kukojoza maji yaliyojaa mwilini. Kliniki ya figo ilikuwa Jumatatu, na Sista Thandeka alihudumu huko pia. Huko ndiko nilikokutana na Salvator, Mrundi, mshona viatu wa Hillbrow, ambaye figo zake zilikuwa zimeshafika mwisho. Kila Jumatatu alifika kabla ya jua na kuniwekea nafasi kwa kofia yake. Ndiye aliyenieleza nini hasa kilicho mbele yangu. Mashine za kusafisha damu ni chache, wagonjwa ni wengi, na kuna kikao kinachochagua nani aingie.

"Watu wa karatasi kama yetu tunakuwa mwisho wa mustari," alisema. Mimi na yeye wote tulikuwa na zile karatasi za ukimbizi za kuongezwa muda. "Weye figo zako bado zinapumua, Mama Neema. Zishike hizo. Ukizipoteza hakuna mutu atakupa zingine."

Basi hilo ndilo lililokuwa linagombaniwa. Kuzishika figo zangu, au kuungana na Salvator kwenye foleni isiyosogea. Nina binti wa miaka tisa, ndiye huyo Neema.

Dripu ya kwanza ilikuwa mwezi wa tano, baridi imeanza. Nilitapika siku mbili. Ya pili ilikuwa mwezi wa sita, nyasi za uwanja zimekauka, na nywele zikaanza kutoka kwa mafungu. Msusi asiye na nywele! Wateja walikuwa wanatazama kilemba changu, halafu wanakumbuka wana safari. Uso wangu sasa ulikuwa duara kwa sababu ya vidonge, na binti yangu Neema, ambaye Kiswahili anakielewa lakini hakisemi, alimwambia baba yake kwa Kiingereza kwamba anamtaka mama yule wa zamani. Alidhani nimelala.

Chumvi ilitugombanisha nyumbani. Mdogo wangu Furaha, anayekaa nasi, ndiye aliyekuwa anapika, na alipika sufuria moja bila chumvi ili nisijione nimetengwa. Justin akirudi kutoka zamu alitia kijiko kimoja, akaweka kijiko chini.

"Hii ni chakula ya hospitali. Miye niko mugonjwa?"

"Tia chumvi kwenye sahani yako," Furaha alimjibu.

"Hata chumvi sasa nitajitilia pekee yangu mu nyumba yangu?"

Alikuwa anaongea kuhusu chumvi, lakini tulijua sote kwamba haikuwa chumvi. Mwanaume aliyezoea kusifiwa mke kanenepa, sasa alikuwa anaulizwa kazini kama mke wake ana ule ugonjwa mwingine.

Halafu chupa. Kliniki ikiwa Jumatatu, chupa ni ya Jumapili, hakuna njia nyingine. Mkojo wa kwanza wa Jumapili asubuhi unaumwaga, kuanzia hapo kila tone linaingia chupani mpaka ule wa kwanza wa Jumatatu. Na ikae kwenye baridi. Friji yetu tunaitumia na familia ya Uvira inayokaa chumba cha pili. Niliifunga chupa kwa mifuko miwili myeusi na kuisukuma nyuma ya kabichi. Mama wa Uvira aliuliza mara moja tu kuna nini, nikamwambia dawa ya kienyeji. Alinitazama, na tangu siku hiyo nyama yake akaihifadhi kwa dada yake.

Jumapili ile ya mwezi wa saba, baada ya dripu ya tatu, kwaya ya Pretoria ilikuwa inatutembelea. Miezi mitatu sikuwa nimeimba. Mama Yolanda alinishonea sare ya kitenge kwa vipimo vyangu vipya na kuniletea mwenyewe. Nilisimama mbele ya ile chupa jikoni. Nitaibebaje? Niingie nayo kanisani, niipitishe mbele ya wageni kwenda chooni, nirudi nayo ikiwa na joto? Niliiacha. Nilijiambia nitajizuia. Ibada yetu huchukua saa tano, na vidonge vile vya kukojoza havikusubiri hata neno la kwanza. Nilikwenda chooni kanisani mara nne. Nilirudi nyumbani saa kumi jioni, na chupani mlikuwa na mkojo mdogo wa kabla ya kwenda kanisani tu.

Ukweli ulikuwa rahisi. Ningemwambia Sista kesho yake, "Nimeharibu, nipe nyingine." Lakini ningegombezwa, ningerudi wiki ijayo, ningekosa siku nyingine ya kazi. Nikamwita Furaha.

"Yaya, hapana," alisema. Kwetu yaya ni dada mkubwa. "Ni yako banataka kupima. Yangu itabasaidia nini?"

"Mara moja tu, Furaha. Nani atajua?"

Alikwenda, akarudi amenuna. Usiku na asubuhi tukaijaza, mimi na yeye.

Wiki mbili baadaye Justin aliomba ruhusa kazini akanisindikiza kuchukua majibu. Daktari alifungua kompyuta, akatabasamu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Protini inayovuja kwenye mkojo, ile inayoleta povu, imeshuka sana. Tunaanza kupunguza vidonge, akasema, na dripu tutazisimamisha kwanza, tuangalie. Nilifungua mdomo. Kabla sijatoa neno, Justin alikuwa ameinama, analia kwenye kofia yake ya kazi. Kabla hatujamaliza korido alikuwa ameshapiga simu Bukavu.

"Inashuka! Mama, inashuka! Mungu eko!"

Nilijua. Usiniulize kama nilijua. Nilipiga hesabu ya kipumbavu: nusu ya mkojo ni wangu, basi nusu ya muujiza ni wangu. Salvator alikuwa kwenye benchi. Nilipomwambia, alivua kofia akanipa mkono kwa mikono yake miwili. Siku hiyo ndiyo aliyojulishwa kwamba kikao kimemkataa, na hakunieleza mpaka wiki iliyofuata, asije akaniharibia furaha.

Jumapili nilisimama kutoa ushuhuda. Kwetu mtu akipokea lazima aseme, akinyamaza amemwibia Mungu. Nilisema madaktari wameshangaa. Nilisema vidonge vinapunguzwa. Kanisa lilisimama, Mama Yolanda akaanzisha wimbo bila kungoja mpiga kinanda, akaja kunikumbatia huku jasho lake likinilowesha. Niliimba. Nilikuwa nimevaa kilemba juu ya upara wangu na niliimba.

Mwezi wa nane upepo wa vumbi ulikuja na miguu yangu ikaanza tena. Nilivaa sketi ndefu. Nilipowekewa mezani sambusa za kanisani zenye chumvi nilikula, maana mtu aliyepona anakula. Justin alikuwa anacheka tena nyumbani, anaonja chakula anasifu, na mimi nilikuwa nakwenda chooni kuangalia povu. Kila Jumapili mchungaji alinitaja. "Kama dada yetu Riziki." Nilitamani ardhi ipasuke. Mwezi huohuo, nikiwa nakwenda kuchukua vidonge tu bila kupimwa, Salvator hakuja Jumatatu moja, wala ya pili. Ya tatu binti yake alikuja kurudisha kadi yake dirishani. Kofia ilikuwa mkononi mwake.

Mwezi wa tisa Sista Thandeka alinipandisha kwenye mizani, akasoma, akanipandisha tena. Akaniambia nikae. Akapandisha sketi yangu, akabonyeza kwa kidole gumba, akahesabu, akakitoa. Tulilitazama shimo pamoja. Kisha akafungua faili langu, akapitia karatasi nyuma mpaka mwezi wa saba, na akavuta pazia.

"Mguu wako unasema kitu kimoja, chupa yako ilisema kingine," alisema. "Nimebonyeza miguu miaka mingi, Mama. Mguu hauna sababu ya kunidanganya."

Aliweka kidole kwenye karatasi ya mwezi wa saba.

"Ule mkojo ulikuwa wa nani?"

"Wa mdogo wangu," nikasema. "Nusu."

Nilingoja matusi. Akanishushia sketi yangu taratibu kama anayemvalisha mtoto.

"Eish. Basi mdogo wako ana figo nzuri sana," alisema. Halafu akanishika mkono. "Sasa utamwambia daktari kwa mdomo wako. Mimi nitasimama hapo, lakini sitakusemea."

Daktari hakunikaripia. Aliweka kalamu chini, akasema alipunguza dawa kwa sababu ya chupa ile. Vipimo vya damu vya siku hiyo vilionyesha kuwa sehemu nyingine ya figo imekufa, na iliyokufa hairudi. Iliyobaki ni chini ya nusu. Ningependelea anipige.

Kumwambia Justin kulikuwa kugumu zaidi. Hakupaza sauti. Alitoka akaenda kazini mapema, na kwa wiki nzima alilala kwa rafiki yake Hillbrow. Aliporudi alikuwa na mfuko wa kubebea barafu, ule ambao watu wa hapa hubebea bia wakienda kuchoma nyama. Aliutupa mezani.

"Utabeba chupa mu hii," alisema. "Kanisani, sokoni, popote. Na kama uko na haya, miye nitabeba."

Tulianza upya, dripu sita nyingine. Ya pili mijakaranda ilikuwa imejaa maua ya zambarau. Ya tatu mvua ya mawe ilitukuta kliniki, ikipiga mabati mpaka hatukusikia majina yetu yakiitwa. Ile ya nne nilipata vidonda mdomoni, sikumeza hata mate, na Sista Thandeka alinifundisha kulamba kipande kidogo cha barafu yenye ndimu ili kiu inyamaze bila kunywa maji yaliyokatazwa. Kila Jumapili kabla ya kliniki niliingia kanisani na mfuko wangu, na Furaha alisimama mlangoni mwa choo mikono kiunoni. Watu waliuliza mna nini humo. Nilisema chakula changu.

Mwezi wa pili, baada ya dripu ya mwisho, niliomba nafasi ya ushuhuda. Mchungaji alinipa kipaza sauti akitabasamu. Nilisema ule wa mwezi wa saba haukuwa wa kweli. Nilisema ndani ya chupa mlikuwa na mkojo wa mdogo wangu, na kwamba nilimsingizia Mungu kazi ambayo hakuwa ameifanya. Nikasema sijapona, figo zimebaki chini ya nusu, lakini iliyobaki imetulia, na ni kwa dawa na kwa mikono ya watu, na kwa hiyo namshukuru Mungu. Hakuna aliyesema amina. Mtu alikohoa. Nilimtazama Mama Yolanda, nikitegemea angalau yeye aanzishe wimbo. Aliinamisha kichwa akawa anakunja na kukunjua leso yake. Tangu siku hiyo hakunipa hata salamu, na kwenye kwaya akanihamishia mstari wa nyuma.

Iliniuma. Nilimsema kwa Furaha, nikamwita mnafiki. Nilikosea kuhusu hilo pia.

Mwezi wa tatu, mwaka mzima tangu nisifiwe unene, alikuja barazani kwangu siku ya kazi. Nilikuwa namsuka mteja. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akangoja mpaka nikamaliza na mteja akaondoka. Nilimwona usoni, ule ujazo, ule mng'ao. Nikaacha kitana.

"Siku ile ulisimama mara ya pili, nilikukasirikia sana," alisema. Ile sauti nene ilikuwa imeshuka. "Si juu ya uongo. Weye hujue. Nilikuwa na dawa ya presha, miaka yote. Siku ya ushuhuda yako ya kwanza nilifika nyumbani nikaitupa yote mu choo. Nikasema, kama Mungu amefanya kwa Riziki, ni miye atashindwa?"

Nilivuta kiti changu karibu naye.

"Na sikuitafuta tena. Nilikuwa na haya." Alivua kiatu, kwa shida, akainua kitenge mpaka gotini. "Ile kitu wanafanyaka na kidole. Nifanyie."

Nilipiga magoti sakafuni kwenye nywele zilizomwagika. Niliweka kidole gumba juu kidogo ya kifundo, nikabonyeza, nikahesabu hadi kumi, nikakitoa.

Shimo lilibaki.

Alikuwa ananiangalia usoni, si mguuni. Nilibaki nimemshika mguu kwa mikono miwili. Nililia kidogo, naye aliniacha nilie. Kisha nikajifuta, nikamvalisha kiatu chake, nikamwambia tunakwenda kliniki leo hii, foleni naijua, na wakimpa chupa nitamwazima mfuko wangu. Nikamuuliza kama nyumbani kwake kuna friji.